Tumbo Lisilopona: Saratani ya Ovari Fizi na Baraka

Ovari, viungo viwili vidogo ambamo mayai ya mwanamke hupevuka, zimejificha ndani ya nyonga. Uvimbe ukiota hapo hupata nafasi ya kukua bila kuonekana wala kushikika. Chembe za saratani hudondokea tumboni, hunasa kwenye utando unaofunika matumbo, kisha maji huanza kukusanyika. Kwa hiyo dalili za mwanzo hufanana na za tumbo la kawaida: kujaa, maumivu chini ya kitovu, kushiba baada ya matonge mawili ya bugali, kwenda haja ndogo kila mara.

Kwenye kituo cha afya, awe Fizi au Baraka, mashariki mwa Kongo, mama mwenye dalili hizo hutibiwa kwanza minyoo, amiba au vidonda vya tumbo. Mara nyingi ndivyo ilivyo, na muuguzi hakosei kuanzia hapo. Hatari ni kurudia dawa zile zile mara ya tatu. Nyumbani nako tumbo linalovimba husemwa ni sumu au kulogwa, na miezi inakwenda.

Uingereza, utafiti wa wanawake zaidi ya 200,000 ulionyesha mwaka 2021 kwamba kuwapima wasio na dalili hakukupunguza vifo. Kilichobaki ni kuzisikiliza dalili mapema. Watafiti wa Marekani walipendekeza mwaka 2007 kigezo kisicho na gharama: dalili zilizoanza ndani ya mwaka mmoja, zinazotokea zaidi ya siku 12 kwa mwezi. Mama aweke alama kwenye daftari kila siku tumbo linapomsumbua, aende nalo kituoni. Aliyevuka miaka 50, au ambaye mama au dada yake aliugua saratani ya ovari au ya matiti, asingoje.

Kinachohitajika ni ekografi, picha ya mawimbi ya sauti. Kupima mlango wa kizazi kwa siki hakuonyeshi ovari. Kipimo cha damu cha CA-125 nacho hupanda hata kwa kifua kikuu cha tumbo, hivyo peke yake hakitoshi. Uvimbe ukionekana, unahitaji daktari wa upasuaji wa wanawake, kama wale wa Panzi, Bukavu, hospitali aliyoianzisha daktari Denis Mukwege mwaka 1999. Safari ya kupitia Uvira ni ndefu, na vita vimeifanya ngumu zaidi. Kila wiki iliyopotea kituoni inaongezeka juu yake.

Muuguzi, mama akirudi na tumbo lile lile baada ya dawa, mwandikie rufaa siku hiyo hiyo.