Anayemchukua Kenge Amechukua Dhima

Wahenga walisema kwamba katika msafara wa mamba na kenge wamo. Methali hiyo hutumiwa kwa watu, lakini imebeba pia ukweli wa kimaumbile, kwani kenge huzizengea kingo za mito wanakotaga mamba kwa kuyatamani mayai yao. Wakazi wa kando ya Sabaki na Tana, na wa vijiji vilivyopakana na mikoko, hawahitaji kuelezwa kenge ni nani. Ni yule mjusi mkubwa anayelinyemelea banda la kuku jua likishapanda, akatoka na yai au kifaranga mdomoni, na akifukuzwa hutumbukia majini asionekane tena.

Yamkini itawashangaza baadhi ya wasomaji kusikia kwamba mnyama huyu huyu huuzwa madukani katika nchi za ng'ambo, akanunuliwa na watu wa mjini na kuwekwa ndani ya nyumba kama tunavyoweka paka. Watoto wetu huwaona mijusi wakubwa wa namna hiyo kwenye simu, wamelala mabegani mwa wenyewe, wapole kana kwamba hawajapata kukasirika. Wapo pia jamaa zetu walioko Marekani na Ulaya ambao huishi jirani na watu wanaowafuga. Si ajabu basi mtoto akamuuliza mamaye: kwani sisi tukimfuga kuna ubaya gani? Swali hilo lastahiki jibu lenye maelezo, kwani ndani yake mna somo kubwa kuliko kenge mwenyewe: maana ya kuchukua dhima ya kiumbe asiyeweza kujisemea.

Jambo la kwanza ni kumjua mnyama kwa ukubwa atakaokuwa nao, wala si kwa udogo alionao siku ya kwanza. Kenge wa majini, ambaye wataalamu humwita kenge wa Mto Nile, hutoka yaini akiwa na urefu wa sentimita 30 hivi, mweusi mwenye mistari na madoa ya manjano yanayong'aa. Kwa umbo hilo hupendeza macho, na dukani hutoshea katika sanduku la kioo lililo juu ya meza. Lakini sanduku hilo ni la muda mfupi. Kenge hukua upesi, na akishapevuka hufikia mita moja na nusu hadi mbili kutoka puani hadi nchani mwa mkia. Akitunzwa vyema huweza kuishi zaidi ya miaka 10. Mtoto wa darasa la nne aliyelilia kununuliwa kenge atakuwa amemaliza shule na pengine ameondoka nyumbani, ilhali kenge bado yupo na bado anataka chakula.

Jambo la pili ni hulka yake. Watu husema kenge ni mkali, na wengine humwita mshari. Ukweli ni kwamba yeye ni mwoga, na ukali wake ni ngao ya woga huo. Tuzingatie namna anavyozaliwa. Jike hukichimba kichuguu cha mchwa, akataga humo mayai yanayoweza kufika 60, kisha akaenda zake. Mchwa hukiziba kichuguu chao, nayo mayai husalia humo katika joto na unyevunyevu mpaka yaanguliwe. Wana wa kenge hutoka nje bila mama wa kuwalinda, na kila kinachosogea mbele yao, awe ndege, nyoka au kenge mwingine aliye mkubwa zaidi, huweza kuwameza. Kiumbe aliyeanza maisha hivyo hakufunzwa mapenzi kama mtoto wa paka alambwaye na mamaye. Amefunzwa kukimbia, na asipopata pa kukimbilia, kupigana.

Ndiyo maana huwa na ishara zake. Kwanza hulijaza tumbo pumzi akafura, kisha huvuma kwa sauti ya mvumo wa nyoka. Mkia huupinda pembeni kama upinde, na asiyezielewa ishara hizo huchapwa nao kama kiboko. Makucha yake hupasua ngozi, na meno yake yakishika hayaachii kwa urahisi. Jeraha la kenge haliui kwa sumu kama la swila, lakini huchafuka upesi na hutaka kuoshwa na kutazamwa na daktari. Baadhi ya wafugaji hufaulu, kwa subira ya miezi na miaka, kumzoeza kenge asiogope mkono unaomletea chakula. Hata hivyo kuzoea si kupenda. Kenge aliyetulia leo huweza kughadhibika kesho kwa kushtuliwa usingizini, na mwenye kumfuga hana haki ya kumlaumu kwa kuwa alivyoumbwa.

Jambo la tatu ni matunzo, na hapa ndipo wengi hushindwa. Kenge hawezi kujitengenezea joto mwilini kama sisi; hulitafuta juani. Katika nchi za baridi mwenyewe hulazimika kumwekea taa kali inayopasha moto mahali pa kuotea hadi nyuzi 40 na zaidi, na papo hapo kumwachia upande wa kivuli wa kujipoza. Asipopata joto hilo chakula hakisagiki tumboni. Huhitaji pia taa maalumu yenye miale ya urujuanimno, ile iliyomo katika mwanga wa jua, kwani bila miale hiyo na bila chokaa ya kutosha katika chakula mifupa ya mijusi wengi wanaofugwa hulegea, ikapinda na kuvunjika. Ni maradhi ya polepole, na mnyama hawezi kulalamika.

Juu ya hayo, kenge ni mchimbaji, mpandaji na mwogeleaji. Huhitaji udongo wa kina wa kuchimba, magogo ya kukwea, na birika la maji linaloenea mwili wake wote. Maji hayo huchafuliwa kila siku na kila siku hubadilishwa. Kizimba cha kenge mzima ni sawa na chumba kizima cha nyumba. Chakula chake ni kaa, konokono, samaki, mayai, wadudu na panya, wala hashibi mabaki ya wali. Akiugua hatibiwi na kila daktari wa mifugo, kwa kuwa madaktari wenye ujuzi wa wanyama watambaao ni wachache. Kila mama aijuaye nyumba yake ataona mara moja ni nani atakayebaki na kazi hiyo mtoto akiwa chuoni, shuleni au usingizini.

Jambo la nne ni afya ya wakazi wa nyumba. Mijusi, nyoka na kasa huweza kubeba bakteria wa salmonela matumboni mwao bila wenyewe kuonekana wagonjwa. Bakteria hao huenea katika ngozi yao, maji yao na kila wanapopita, kisha humfikia mtu kupitia mikono na vyombo, wakamletea homa, kuharisha na maumivu ya tumbo. Wanaodhurika zaidi ni watoto walio chini ya miaka 5, wazee, na wale ambao miili yao imedhoofika kwa maradhi. Nchini Marekani, mwaka 1975, serikali ilipiga marufuku uuzaji wa kasa wadogo wenye gamba lisilofika sentimita 10 hivi, kwa sababu watoto walikuwa wakiwatia mdomoni na kuugua. Nyumba yenye mtoto atambaaye sakafuni si mahali pa kenge. Na penye mnyama wa namna hiyo, vyombo vyake havioshwi jikoni, na kila amgusaye huosha mikono kwa sabuni kabla ya kugusa kitu kingine.

Matokeo ya kuyapuuza hayo yote yanaonekana wazi katika mji wa Cape Coral, jimbo la Florida huko Marekani. Mji huo umekatwakatwa na mifereji ya maji yenye urefu wa mamia ya kilomita, na hali yake ya hewa ni ya joto. Tangu miaka ya 1990 kenge wa Mto Nile, mzaliwa wa Afrika, wamekuwa wakionekana wakiogelea katika mifereji hiyo na kuchimba mashimo kwenye kingo zake. Inaaminika kwamba asili yao ni wale waliotoroka au walioachiliwa na watu waliowanunua wakiwa wadogo wakashindwa nao walipokua. Wamezaana, na wahifadhi wanahofia usalama wa bundi wadogo wa huko wanaotaga ardhini, ambao mayai na makinda yao ni riziki nyepesi kwa kenge. Serikali ya jimbo hilo imelazimika kuwatega na kuwaua, na mwaka 2021 ilimtia kenge huyo, pamoja na mijusi wengine wakubwa kama iguana wa kijani na tegu, katika orodha ya wanyama waliopigwa marufuku. Hivyo kosa la mtu aliyechoka na mnyama wake likalipwa na bundi, na kenge, na jirani.

Basi asidhani mtu kwamba kumfungulia mlango kenge ni kumhurumia. Ugenini atakuwa ama amemhukumu kufa kwa baridi na njaa, ama amewatwisha wengine mzigo aliouchukua mwenyewe. Mwenye mnyama asiyemweza tena wajibu wake ni kumtafutia mahali panapokubalika kisheria, na kuendelea kumlisha mpaka mahali hapo papatikane.

Hapa kwetu jambo hili lina mpaka ulio wazi zaidi. Kenge ni mnyamapori, na kwa mujibu wa Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, haifai kumweka nyumbani bila idhini. Kijana akimleta nyumbani mwana wa kenge aliyemkamata mikokoni, mzazi asimwache akamfunga kamba wala asimtie katika pipa. Apige simu kwa ofisi ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori Kenya, KWS, iliyo karibu naye, apate maelekezo. Na anayesumbuliwa na kenge wa kuku aliimarishe banda kwa wavu wa chuma uliozikwa chini ya udongo, na aokote mayai mapema, kwani kenge huirudia nyumba inayompa chakula.

Dini yetu imelitilia uzito suala hili kabla ya sheria za serikali. Mtume (S.A.W.) alitupa habari za mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka: alimfungia, asimlishe, wala asimwache ajitafutie mwenyewe. Kosa lake halikuwa kuwa na paka. Kosa lilikuwa kumwondolea uwezo wa kujitegemea kisha asimtimizie haja zake. Kila kizimba ni ahadi ya namna hiyo. Siku unapoufunga mlango wake, riziki ya aliyemo, maji yake, joto lake na raha yake vimekuwa juu ya shingo yako, awe mzuri au awe mkali.

Mzazi anayetaka mwanawe ajifunze dhima hana haja ya kuanza na kenge. Kuku wawili, njiwa, sungura au paka wa uani watamfunza kuamka mapema, kubadilisha maji na kukumbuka kwamba kuna tumbo jingine linalomngojea. Akishayatimiza hayo mwaka mzima bila kukumbushwa, atakuwa ameanza kuelewa. Na akiuliza tena habari za kenge, mpelekeni kando ya mto, mkae mbali kidogo, mmwangalie anavyoota jua juu ya gogo kisha anavyojitosa majini. Mwambieni kwamba kumwacha pale alipo nako ni kumtunza.