Fahamu: Kwa nini mwenye kisukari apimwe macho hata kama anaona vizuri

Sukari ikizidi kwenye damu kwa muda mrefu, huharibu mishipa midogo ya retina, sehemu ya nyuma ya jicho inayopokea mwanga. Mishipa huvuja au kuziba bila maumivu, na mgonjwa huweza kuona vizuri hadi madhara yawe makubwa.

Upimwe lini?
Kisukari aina ya 2: mara tu unapogundulika kuwa nacho. Aina ya 1: ndani ya miaka 5 tangu kugundulika. Kisha, kwa kawaida, kila mwaka. Mwenye kisukari akipata mimba, apimwe mapema katika ujauzito.

Hupimwaje?
Hutiwa matone ya kupanua mboni, kisha retina hukaguliwa. Utaona ukungu kwa saa kadhaa. Usiendeshe gari wala bodaboda.

Je, hutibika?
Tatizo likigunduliwa mapema, leza au sindano za jicho huweza kuzuia upofu. Miwani pekee haitoshi.