Kuridhika kwa Mwananchi Hupimwaje?

Mvua ya Kilosa hupimwa kwa milimita, na joto lake kwa digrii. Je, mkulima asemapo kwamba zahanati ya kijiji chake inamridhisha, neno lake hilo hupimwa kwa kipimo gani? Swali hili si la mchezo. Halmashauri za wilaya, zilizofutwa nchini mwaka 1972, zilirudishwa kwa sheria ya mwaka 1982 na kuanza tena kazi mwaka 1984. Fedha zao hazijapata kutosheleza kila haja, na kisima kinachochimbwa mahali pamoja ni kisima kinachokosekana pengine.

Mwaka 2003 taasisi ya utafiti ya REPOA ya Dar es Salaam iliwahoji wananchi wa halmashauri sita, nazo ni Bagamoyo, Ilala, Iringa, Kilosa, Moshi na Mwanza. Kazi hiyo ilirudiwa mwaka 2006 na mwaka 2013. Kila halmashauri ilitoa watu 210, jumla 1,260. Msomaji aweza kushangaa: watu 210 wawasemee mamia ya maelfu? Hakika wanaweza, lakini kwa sharti moja, nalo ni kwamba kila mkazi awe na nafasi ya kuchaguliwa. Mdadisi akisimama Mikumi, kando ya barabara kuu iendayo Iringa, atakutana na watu wenye barabara na mabasi. Mkazi wa milimani na mfugaji aliye malishoni hatawaona. Akiwahoji walio katika foleni ya zahanati atakosea zaidi, maana waliokata tamaa hawamo katika foleni hiyo. Wamebaki nyumbani, na pengine hao ndio wenye habari kubwa kuliko wote.

Hata uchaguzi ukiwa wa haki, kosa fulani hubaki, na kosa hilo laweza kukadiriwa. Gawanya 1 kwa kipeuo cha pili cha 210, utapata karibu 0.07, yaani asilimia 7. Tuseme watu 126 kati ya 210 wameridhika na maji. Hao ni asilimia 60. Katika wilaya nzima kiasi chenyewe chaweza kuwa popote kati ya 53 na 67. Tukilinganisha miaka miwili, makosa ya pande zote mbili huungana, hata tofauti iliyo chini ya asilimia 10 haifai kushangiliwa wala kulaumiwa. Na ikiwa waliohojiwa wanatoka katika vitongoji vichache tu, kosa huongezeka, kwa kuwa majirani huteka maji katika kisima kimoja na kutibiwa na mganga mmoja.

Yapo pia matatizo ya swali lenyewe. Kwetu mtu akiulizwa hali hujibu “njema”, kisha ndipo aeleze homa yake. Ukimwuliza, “Je, umeridhika na zahanati?” huku mtendaji wa kijiji amesimama karibu, utapata hiyo “njema” peke yake. Afadhali kuuliza: “Ulipokwenda mara ya mwisho, ulipata dawa uliyoandikiwa?”

Tena, kuridhika hutegemea alichotazamia mtu. Katika uchunguzi huo shule za msingi zilikuwa miongoni mwa huduma zilizowaridhisha watu wengi, ilhali ada ilikuwa imefutwa mwaka 2001 na madarasa yamejaa watoto. Mzazi ambaye mwanawe hapo awali alikaa nyumbani huweza kuliridhia darasa ambalo mkaguzi wa elimu hatalikubali. Wote wawili wanasema kweli. Wanapima vitu viwili tofauti.

Mwaka 2012 sehemu ya Gairo ilitengwa na Kilosa, ikawa wilaya. Basi Kilosa ya mwaka 2013 si ile ya mwaka 2003 wala 2006, ingawa jina ni lile lile, na mwenye kulinganisha takwimu zake hana budi kwanza kuuliza wale watu 210 walitoka kata zipi.