Kompyuta ya Mezani Mjini Kindu: Hesabu ya Wati Kabla ya Kasi

Uchaguzi wa vipuri vya kompyuta mpya ya mezani mjini Kindu, makao makuu ya jimbo la Maniema kwenye ukingo wa Lualaba, huanzia kwenye umeme, kwa sababu ofisi na vyumba vya fotokopi na uchapaji hulazimika kuendesha mashine zao kwa jenereta, au kwa sola na betri, kila umeme wa shirika unapokatika. Mnunuzi anayeuliza kasi kabla ya kuuliza wati huwa ameishika hesabu mkiani.

Prosesa, yaani chipu inayotekeleza amri zote za programu, hupimwa kwa idadi ya viini vyake na kwa wati, kipimo cha joto ambalo feni inapaswa kuliondoa, ingawa kazi nzito huweza kulizidisha kwa muda. Ryzen 5 5600G ya AMD, iliyotoka mwaka 2021, ina viini 6, wati 65 na kitengo cha picha ndani yake, na Core i5-12400 ya Intel iko karibu na vipimo hivyo. Lakini prosesa ya Intel ambayo jina lake linaishia na herufi F haina kitengo hicho, hivyo unafuu wa bei yake humezwa na kadi ya picha ambayo mnunuzi hana budi kuiongeza.

Uzito wa wati hizi huonekana kwenye betri. Kompyuta na skrini yake zikitumia wati 100 kwa saa 8 hufikisha wati-saa 800, ilhali betri ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 200 ina wati-saa 2,400, ambazo nusu yake tu ndiyo hutumika bila kuifupishia maisha. Betri moja basi hutosha siku ya kazi, hata baada ya inveta, inayogeuza umeme wa betri kwa matumizi ya mashine, kuchukua sehemu yake. Kadi ya picha ya wati 170, ikifanya kazi kwa nguvu zote, hupandisha hesabu hiyo hadi wati-saa 2,160, ambazo, hata kabla ya sehemu ya inveta, zahitaji karibu betri mbili.

Swali la pili ni soketi, yaani kikalio cha prosesa kwenye ubao mama, ambao ndio unaounganisha vipuri vyote. Soketi ya AM4, iliyoanza mwaka 2016, ilipokea vizazi kadhaa vya prosesa na hutumia RAM, yaani kumbukumbu ya muda, ya aina ya DDR4, wakati AM5 ya mwaka 2022 hukubali DDR5 peke yake. Ya zamani basi huwa na vipuri vingi zaidi vilivyokwisha kuzagaa sokoni. Faida hiyo ni kubwa katika mji ambao mzigo huufikia kwa ndege, kwa mto, kwa barabara mbovu au kwa reli ndefu ya kutoka Katanga, na ambao ulipungukiwa na njia moja pale uwanja wa ndege wa Goma ulipofungwa kwa safari za kibiashara mwanzoni mwa 2025. Hata bati la migodi ya Kalima na Punia huondoka Maniema likiwa mchanga wa kasiteriti, yaani madini yake ghafi, huyeyushwa ng'ambo, na bati ndilo sehemu kubwa ya lehemu inayoshikilia vipuri kwenye ubao mama, lakini bei anayolipa mnunuzi wa Kindu imebeba nauli ya safari yote ya kurudi.

Mashine za mtumba zilizotoka katika ofisi za ng'ambo ni nafuu, ila zina mitego miwili: nyingi hutumia pawa saplai, yaani kifaa kinachogawia vipuri umeme, ya umbo maalumu la kiwanda husika, isiyoweza kubadilishwa kwa ya kawaida ikiungua, na zenye prosesa za Intel zilizotangulia kizazi cha nane karibu zote hazimo katika orodha rasmi ya Windows 11, ilhali msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025.

Kwa bajeti finyu, basi, fedha ya kwanza huifaa zaidi pawa saplai ya umbo la kawaida pamoja na stabilaiza, ambayo huulinda ubao mama dhidi ya volti zinazopanda na kushuka. Ya pili huifaa RAM na diski ya SSD, isiyo na sehemu inayozunguka. Na prosesa huchaguliwa kwa kiasi ambacho betri iliyopo inaweza kukilisha hadi jioni.