Mzigo wa Mwenzio Si Kanda la Usufi

Wahenga wa pwani yetu walisema kuwa mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Walikusudia kutukanya, kwani aliye kando huuona mwepesi mzigo asioubeba yeye. Wiki hii twataka kuuzungumzia mzigo wa wazazi wanaolea watoto wenye usonji, na swali letu si la mtoto pekee. Twauliza: mama yake na baba yake wanaishi vipi?

Usonji ni hali ya ukuaji wa ubongo inayoanza mapema utotoni. Mtoto huenda akachelewa kusema, asiitike aitwapo kwa jina, akarudia jambo moja mara nyingi, au akataabishwa na sauti na mianga ambayo wengine hawaijali. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2021 mtu 1 katika kila 127 alikuwa na hali hii. Urithi una sehemu kubwa ndani yake. Malezi mabaya hayaisababishi, wala chanjo.

Tuyatazame maisha ya nyumba hiyo. Watoto wengi wenye usonji hawalali vizuri, na mtoto asipolala, mama naye halali. Alfajiri humkuta yu macho, na kazi za mchana zamngoja. Mlango haukosi komeo, kwani mtoto aweza kutoka akaelekea barabarani au baharini bila kuhisi hatari. Biashara ya mama hufungwa kwa kuwa hakuna wa kumwachia mtoto. Malipo ya mtaalamu wa matamshi, pamoja na nauli ya kumfikia, humwelemea baba. Harusi na maulidi huachwa, maana ngoma na vipaza sauti humliza mtoto, na macho ya watu humchoma mama kuliko kilio chenyewe.

Utafiti wa Joseph Gona na wenzake uliofanywa Kilifi na Mombasa, na kuchapishwa mwaka 2016, ulikuta mambo hayo hayo: unyanyapaa, ukosefu wa tiba inayofaa, uzito wa gharama na wa malezi. Yaliwapata wazazi wa dini na mila mbalimbali. Wazazi hao walijisaidia kwa sala na maombi, na pia kwa kupata mtu wa kuwapokea mtoto ili wapumue.

Hapa jamii ina la kujibu. Subira ni fadhila kubwa, lakini mama huyu huusiwa subira na watu ambao hawajamshikia mtoto hata saa moja. Wengine humwambia ni jini, au husuda, au adhabu ya dhambi fulani, na lawama yote hutupiwa yeye. Maneno hayo hayamsaidii mtoto, humvunja mama.

Mtume (s.a.w.) alikuwa akiingia katika swala kwa nia ya kuirefusha, kisha akisikia mtoto analia huifupisha, kwa kuchelea kumtia mashakani mama yake. Ikiwa swala ilifupishwa kwa kuuhurumia moyo wa mama, ni shughuli gani yetu isiyoweza kupunguzwa?

Basi shangazi au jirani na amshike mtoto baina ya Alasiri na Magharibi, walau siku moja kwa wiki, mama apate kulala. Baba na apokee zamu ya usiku. Mwalimu wa madrasa na ampe mtoto somo fupi, mahali penye utulivu, bila bakora. Mwenye harusi na atenge chumba kisicho na kelele. Na mzazi mwenye shaka juu ya mwanawe asingoje: vituo vya serikali vya tathmini ya elimu, vilivyoanza nchini mwaka 1984, humpima mtoto na kumwelekeza kwenye shule inayomfaa.

Mwenyezi Mungu awape wazazi hawa afya na utulivu, na atujaalie tuwe miongoni mwa wanaowapunguzia mzigo. Amin.