Tufe la kwanza halipigiwi makofi

Huenda unasoma safu hii ukiwa umetoka ibadani, na moyoni umeshakata shauri: mwezi huu ukiisha, unarudisha funguo za kanisa. Kwa miaka mingi umefungua milango alfajiri, umepanga viti na kufuta vumbi. Siku ya shukrani yalisomwa majina mengi, lako halikuwamo. Kabla hujazirudisha, nakuomba tutazame pamoja mchezo mmoja ambao pengine hujawahi kuuona.

Ni mchezo wa matufe ya nyasini, kwa jina la kigeni bolsi. Waingereza waliupeleka katika makoloni yao, na Michezo ya Jumuiya ya Madola imekuwa nao tangu ilipoanza mwaka 1930, isipokuwa 1966. Wachezaji huviringisha matufe kwenye nyasi iliyokatwa fupi sana, wakilenga kijitufe kimoja kilichotangulizwa mbali. Upande wenye matufe yaliyokikaribia zaidi ndio unaopata pointi. Si rahisi, kwa sababu tufe limechongwa ili lipinde upande mmoja kadiri mwendo unavyopungua.

Katika timu ya watu wanne kuna mtangulizi, wa pili, wa tatu na nahodha. Kila mmoja ana matufe mawili, hivyo kwa pande zote mbili ni matufe 16 kila raundi. Mgeni akifika uwanjani humkazia macho nahodha. Huyo hucheza mwisho, matufe yakiwa yamejazana, na ndiye anayeshangiliwa.

Lakini mtazame mtangulizi. Timu yake ikiwa na zamu ya kuanza, yeye ndiye anayetandika mkeka mdogo ambao wenzake wote watachezea, na ndiye anayekiviringisha kijitufe, tena lazima kifike angalau mita 23. Kisha anacheza matufe yake uwanja ukiwa bado mtupu. Hakuna makofi, kwa kuwa hakuna aliyeshinda wala kushindwa. Tufe lake laweza kugongwa baadaye na kusukumwa mbali, mwishoni lisihesabiwe kabisa. Hata hivyo limewafanya wapinzani wahangaike nalo.

Mtazame na wa pili. Wakati mwingine nahodha humwagiza aache tufe nyuma ya kijitufe, mahali ambapo kwa macho halina faida. Mgeni hutikisa kichwa. Halafu mpinzani anacheza kwa nguvu, kijitufe kinasukumwa nyuma, na kinasimama kando ya tufe lile lililodharauliwa.

Wa tatu naye husimama karibu na kijitufe nahodha anapokwenda kucheza. Huona nafasi ambazo nahodha, akiwa mbali, hawezi kuziona. Kazi yake ni kusema ukweli: tumezidiwa, pita upande huu. Akisema maneno matamu ili kumfurahisha mkubwa wake, timu nzima inapotea. Raundi ikiisha, kwenye kadi huandikwa pointi za timu. Haiandikwi tufe lilikuwa la nani.

Ndugu yangu, Maandiko yana watangulizi wa namna hii. Katika Yohana sura ya kwanza, Andrea alimtafuta ndugu yake Simoni na kumpeleka kwa Yesu. Siku ya Pentekoste aliyesimama kuhubiri alikuwa Petro, na watu wapatao 3,000 wakaongezeka. Andrea hatajwi kwa jina katika mahubiri yale. Lakini nani alilicheza tufe la kwanza?

Tukiishia hapo, nitakuwa nimekudanganya kidogo. Ni rahisi kumwambia mtu aliyechoka aendelee kuvumilia kwa sababu Mungu anaona. Ni kweli Mungu anaona. Ila tunapomwambia mwenzetu kwamba Mungu atamlipa, huku sisi tumeshindwa hata kusema asante, tunampelekea Mungu deni ambalo ni letu.

Soma 1 Samweli sura ya 30. Waamaleki walikuwa wameuchoma mji wa Siklagi na kuwateka wanawake na watoto. Daudi akawafuatia na watu 600. Walipofika kijito cha Besori, 200 walikuwa wamechoka mno wasiweze kuvuka, wakabaki na mizigo. Waliobaki, 400, wakaenda, wakapigana, wakarudi na kila kitu. Ndipo baadhi yao wakasema wale wa nyuma wasigawiwe nyara. Daudi akakataa. Aliona kuwa ushindi ule ni zawadi ya Bwana, basi mlinda mizigo na aliyekwenda vitani wapate sawa. Akaifanya kuwa sheria katika Israeli.

Angalia mambo mawili. Kwanza, Daudi hakungoja wale 200 walalamike. Kiongozi ndiye aliyewatetea mbele ya wenzao. Mchungaji, mzee wa kanisa, mwenyekiti wa kwaya: hilo ni lako. Pili, wale watu walikuwa wamechoka kweli, na kuchoka hakukuwafukuza katika jeshi la Daudi. Kwa hiyo wewe mwenye funguo, ukihitaji kupumzika, sema wazi, mwenzako azishike kwa muda. Hiyo si dhambi. Lakini usiondoke kwa kudhani kuwa ulichofanya hakikuhesabika. Asubuhi zile ulipofungua mlango, aliingia mtu aliyekuwa amelia usiku kucha, akapata kiti kikavu cha kukaa. Hukumjua, naye hakujua kwamba ni wewe.

Wiki hii kila mmoja wetu amtafute mtu mmoja anayetandika mkeka ambao sisi tunasimama juu yake. Anaweza kuwa mama wa jikoni msibani, au kijana anayebeba spika, au mhasibu anayebaki kuhesabu sadaka wengine wakienda kula. Mwite kwa jina lake, umwambie ni jambo gani hasa alilokufanyia.

Bwana, tufundishe kucheza vema tufe letu, na kuyaona matufe ya wenzetu. Amina.

Jumapili njema.