Hii Mbao Si ya Bei ya Mbao

"Si hiyo ni fotokopi tu?" Beshte yangu aliniuliza hivyo akicheki ukuta wa keja yangu hapa Kiminini. Nimeweka printi ya nganya, nyeusi na red, saizi ya daftari. Niliibuy thao mbili kwa msanii chipukizi huko Nairobi.

Nikaishusha nikampea ashike. Igeuze kwa mwangaza, buda. Cheki venye wino umekaa mzito hapa kwa taa, na hizi alama nyembamba za patasi. Mkono wa msee ulipita hapo.

Hiyo kazi inaanzia kwa mbao. Chenye hutaki kionekane unachonga kitoke, chenye kimebaki juu ndicho kinashika wino. Unalaza karatasi, unasugua mgongo wake hata na kijiko, unabandua. Kila kitu kinatoka kimegeuka, so jina la nganya na namba ya ruti lazima zichongwe kinyumenyume. Herufi moja ikiteleza, umerudi sufuri.

Msee wa hizi vitu ni Dennis Muraguri, mzaliwa wa Naivasha 1980, akasomea sanaa Buruburu. Mathree zake, ukizicheki, unaskia makanga akigonga bodi. Namheshimu sana juu nganya hazikai: zinachoka, zinapakwa upya, zinaisha. Sheria za mathree za waziri Michuki zilipokuja 2004 na laini ya njano, michoro mingi ilifutwa. Huku kwetu, Kitale hadi Bungoma, mathree bado ni nyeupe na hiyo laini. Kwa karatasi, nganya haifutwi.

Printi kubwa za Muraguri zinahitaji ganji mob, so anza na chipukizi. Cheki chini, kwa pensili: yangu imeandikwa 7/20, maanake ni ya saba kati ya ishirini, na sahihi iko kando. Zote ni original. Na printi ya bei poa si kitu ya kudharau: Japani, wakati msanii Hokusai alitoa printi yake ya lile wimbi kubwa, kitu 1831, printi iliuzwa kama bei ya bakuli la tambi, na raia wa kawaida ndio walikuwa wanabuy. Ukishabuy, peleka yako kwa fundi wa fremu, weka kioo, iepushe na jua.

Beshte alinyamaza akiangalia hiyo 7/20. Jana usiku akanitext: "Huyo msee anaweza chonga trekta imebeba mahindi?"

Nimeshamuulizia.